Njia ya Msituni Ina Mwenyewe

Vitabu vya mbio vina ugonjwa mmoja: njia ndani yake huwa tupu. Mwandishi anavaa viatu, anatoka kabla ya jua, na mbele yake kuna mto, miti na ukungu, basi. Hakuna mama anayepita na mzigo wa kuni. Hakuna mlinzi. Hakuna anayemuuliza unaenda wapi saa hizi. Mwaka huu nimesoma vitatu, vyote vya mitumba, na nataka kuvipima kwa swali ambalo mtu yeyote anayekimbia Nairobi asubuhi analijua hata kama halisemi: hii njia ni ya nani?

Tuanze na kile ambacho kila mtu anayepiga tizi na kusoma anacho kejani, What I Talk About When I Talk About Running cha Haruki Murakami, kilichotoka kwa Kijapani 2007. Murakami alikuwa na kilabu cha jazi Tokyo, akakiuza ili aandike, na 1982 akaanza kukimbia ndiyo mwili usimwozee mezani. Kurasa tamu zaidi ni za Cambridge, Marekani, kando ya mto Charles. Anajua mto unavyobadilika msimu ukigeuka. Anajua pia kuzeeka, jinsi muda wa marathoni unavyozidi kurefuka hata ujitume vipi, na hapo ni mkweli kuliko waandishi wengi wa mbio. Wasichana wa chuo wanampita kama amesimama, naye anaona ni sawa tu.

Lakini angalia vizuri. Karibu kila mtu aliye kwenye ile njia amekuja kukimbia, kama yeye. Murakami anasema anakimbia ili apate utupu kichwani, na mimi namwamini. Ila utupu ule haukuanzia kichwani. Ulianzia kwenye njia yenyewe: kuna mtu anaifagia, kuna sheria inazuia mtu kujenga ukingoni, kuna kodi ya jiji inayolipia taa. Kitabu hakina hamu na watu hao. Mto umeletwa mezani kama chai, na mwandishi haulizi nani ameipika.

Sisi hatuna hiyo anasa. Chukua Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 na njia za kilomita 50 hivi, ambako nusu ya picha za mbio za Nairobi hupigwa. Miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa watu waliotaka kujenga. Wangari Maathai na Green Belt Movement wakaenda kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 genge la wanaume liliwashambulia pale langoni, Maathai akapasuliwa kichwa, akaenda polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004. Kile kivuli unachopigia selfi kilikuwa kiwe nyumba za watu.

Kisha likaja ua la umeme, na lango la kulipia. Ua lina watetezi wake na nawaelewa. Kabla yake, dada angekimbia Karura peke yake alfajiri? Thubutu. Watu walikuwa wanaporwa mle, na leo wanawake wanakimbia na vifaa masikioni. Hiyo si kitu kidogo. Lakini kwa miaka mingi kiingilio cha Mkenya mtu mzima kilikuwa soo. Ukikaa mitaa iliyopakana na msitu utaniambia soo si pesa. Piga hesabu: mara tano kwa wiki ni zaidi ya 2,000 kwa mwezi, na mimi hulipwa kwa makala, mhariri akikumbuka. Kwa hiyo Karura huenda Jumapili, siku zingine nakimbia kando ya barabara nikimeza moshi wa matatu. Ua lile lile lililomfungulia dada yangu msitu ndilo linanipangia siku. Sijakutana na kitabu cha mbio kinachoweza kubeba mambo hayo mawili kwa mkono mmoja.

Adharanand Finn anakaribia. Ni mwanahabari Mwingereza aliyehamia Iten na mke na watoto kutafuta siri ya Wakenya, na Running with the Kenyans kilitoka 2012. Jina la kitabu lilinifanya nikunje uso, nakiri. Siri gani tena? Lakini jamaa ana jicho. Njia nyekundu za Iten hazijawahi kuwa tupu na yeye hazimwagi watu nje ya ukurasa: watoto wanaenda shule, ng'ombe wanavuka, na kundi la wakimbiaji linapita kimya kwa sababu liko kazini. Ndiyo, kazini. Iten mtu hakimbii kutafuta utupu, anakimbia kutafuta shamba, karo, nyumba ya mama. Finn anaachwa nyuma asubuhi baada ya asubuhi, na ni hapo anapohema nyuma ya watu ndipo kitabu kinapoamka. Kinalala tena kila anaporudi kwenye orodha ya siri: chakula, miguu peku, mwinuko wa milima. Umeshaiona njia kama mahali pa kazi, halafu unaigeuza tena kuwa maabara. Inakera.

Hapa Kiswahili kinajua jambo. Jogging hatuna neno lake hasa. Watanzania wana mchakamchaka, lakini huo ni wa kundi, wa kuimba, wa shule na jeshi. Sheng ina tizi, ambayo ni zoezi lolote. Mtu anayekimbia polepole peke yake msituni, hafukuzwi, hajachelewa, hatukumpa jina. Tulicho nacho ni kukimbia, na kukimbia kwetu ni mbio na pia ni kutoroka. Mtoto amekimbia shule. Baba amekimbia nyumba. Ukimwambia nyanya yako kwamba ulikimbia asubuhi nzima, swali lake la kwanza ni la haki: ulikuwa unakimbia nini?

Alan Sillitoe alizielewa maana zote mbili bila kujua neno letu hata moja. Aliacha shule na miaka 14, akaingia kiwandani Nottingham. Hadithi yake The Loneliness of the Long-Distance Runner ilitoka 1959, na msimulizi ni kijana anayeitwa Smith, aliyefungwa borstal kwa kuiba pesa kwenye duka la mikate. Borstal, neno ambalo sisi bado tunalo, ulizia Shikusa ama Shimo la Tewa. Mkuu wa pale anagundua Smith ana miguu, anamruhusu atoke kila alfajiri wenzake wakiwa bado wamelala, akimbie mashambani na kati ya miti, kwenye baridi inayogandisha nyasi. Hakuna askari nyuma yake. Anaaminiwa kukimbia bila kukimbia.

Na Smith anafurahia! Watu husimulia hadithi hii kama ya uasi tu, wakasahau kwamba kurasa za msituni zina furaha kuliko chochote alichoandika Murakami kuhusu mto wake. Kijana anajiona kama mtu wa kwanza aliyewahi kuwekwa duniani. Sillitoe hamnyang'anyi furaha hiyo, ila pia hamwachi asahau nani alifungua mlango na anataka nini. Mkuu anataka kikombe. Siku ya mashindano Smith anaongoza, mstari uko pale, watu wanapiga kelele, naye anapunguza mwendo na kungoja mwenzake ampite.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hiyo najua jinsi watu wanavyomsoma mtu anayesimama kabla ya mstari. Wanatafuta kilichovunjika ndani yake. Mjomba wangu hadi leo huuliza kwa sauti ya hospitali. Sillitoe anaukataa usomaji huo kabisa: Smith hajachoka na hajachanganyikiwa, anapiga hesabu. Anajua kikombe kitakaa kwenye kabati ya nani. Na bei anailipa, kwa miezi ya kazi chafu anazopewa na mkuu kama adhabu, wala hadithi haimpunguzii. Udhaifu upo. Wanawake karibu hawamo, na Smith ameigawa dunia mafungu mawili kirahisi mno, yetu na yao. Lakini ni yeye peke yake kati ya hawa watatu anayekimbia akijua njia ina mwenyewe.

Ndiyo maana namfikiria kila nikipita karibu na mito yetu. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Mafuriko yalikuwa yameua watu, hilo halina ubishi. Mwaka uliofuata ukazinduliwa mradi wa kufufua Mto Nairobi, na kati ya ahadi zake ni njia za kutembea na baiskeli kando ya maji. Siku moja basi mtu atakimbia pale ambapo kulikuwa na jikoni ya mtu. Pengine nitakuwa mimi, kwa sababu njia nzuri na ya bure naitamani kama wengine. Atakayeandika mbio hizo nataka aanze na jikoni, kisha ndiyo aje kwa ukungu na ndege.

Kwa sasa, ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua Sillitoe. Ni kifupi, unakimaliza kwa safari mbili za matatu kutoka Rongai hadi tao, foleni ikiwa ya kawaida. Finn soma asubuhi zake, ruka habari za viatu. Murakami usinunue, azima tu, kila mtu anacho.