Adili na Nduguze: Umbo la Nyani na Nafsi ya Mtu

Walezi wa vijana huuliza mara kwa mara kama hadithi za majini na maajabu zinafaa kusomwa katika seminari na shule zetu. Tunajibu kwa kutazama kitabu kimoja kidogo, Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga (1909-1962). Kilitolewa mwaka 1952. Mwandishi alikuwa Mwislamu, na kiini cha hadithi yake kinatoka katika masimulizi ya kale ya Alfu Lela. Lakini swali lake linatuhusu sote: mtu ni nani?

Habari yenyewe ni hii. Adili ni liwali wa Janibu, chini ya Mfalme Rai wa Ughaibuni. Ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtupa baharini kwa sababu ya kijicho. Huria, binti jini ambaye Adili alimwokoa zamani, anamtoa majini, kisha anawageuza wale wawili kuwa manyani. Tena anamwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Adili anatii, lakini analia, na kisha anakula nao chakula.

Tutazame kwanza maumbile. Katika kitabu hiki viumbe si pambo tu. Mfalme Rai anasifiwa kwa kupenda wanyama, mimea na madini, na mfalme wa namna hiyo anajua kwamba hakuumba kitu. Hapo tunakubali kwa moyo wote. Lakini nyani anafanywa kuwa alama ya aibu. Sisi wa Bukavu, tunaoishi karibu na mlima Kahuzi, ambako hifadhi ya gorila ilianzishwa mwaka 1970, tuseme wazi: mnyama hana kosa. Kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba kila kiumbe kilionekana chema. Aibu ya Hasidi haitoki katika manyoya; ilikuwa moyoni mwake zamani, alipokuwa bado na uso mzuri wa mtu.

Jambo la pili ni nafsi. Watu hawa wanaitwa kwa majina ya tabia zao, kana kwamba mtu ni tabia moja tu. Wengine wanaona ni udhaifu wa mwandishi. Sisi tunaona nusu ni udhaifu, nusu ni hekima. Angalieni: ni vigumu kumtofautisha Hasidi na Mwivu. Wanawaza pamoja, wanatenda pamoja. Ndivyo dhambi inavyofanya: inamnyang'anya mtu uso wake. Adili, kinyume chake, ana uso wake mwenyewe, kwani ndani yake amri na huruma zinapigana kila usiku. Wote watatu walitoka kwa baba mmoja. Damu haikuwatenga, bali uchaguzi wa kila mmoja.

Lakini tunaona pia upungufu. Katika Danieli, sura ya nne, Mfalme Nebukadneza anakula majani kama ng'ombe, na akili yake inarudi anapoinua macho mbinguni. Nafsi yake inaamka ndani ya mnyama. Katika Adili, umbo la watu linarudi kwa maombezi ya Mfalme Rai. Maombezi ni mazuri, tena sana. Ila njia ya ndani ya toba haionyeshwi vya kutosha. Tulitamani kumsikia Hasidi peke yake, na Mwivu peke yake, kila mmoja akikiri kosa lake, si la mwenzake. Mjeledi unaweza kufundisha woga. Majuto ni kazi ya nafsi.

Neno hili si la vitabu tu. Katika Kivu yetu tumesikia mara nyingi, tangu vita vya 1996 na baadaye, watu wakiwaita jirani zao kwa majina ya wanyama. Anayemwita mwenzake nyoka amekwisha kujiruhusu kumpiga. Adili hafanyi hivyo. Mbele ya manyani wawili anasema bado: hawa ni ndugu zangu, na anawatengea sahani.

Basi, makatekista na walimu, wapeni vijana kitabu hiki bila hofu. Lakini mkiisha kusoma, waulizeni swali moja: usiku ule, nani alibaki mtu, na kwa nini?