Maji Ndiyo Yanayosafisha Shahamu

Shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa jikoni hutoka kwa sura mbili. Kuna ile nyeupe, ngumu, isiyonuka karibu chochote. Na kuna ile ya kahawia, yenye harufu ya nyama ya kukaanga, ambayo ukiipikia maandazi kila anayeuma andazi anajua kilichotumika. Wengi humtupia lawama ng'ombe, au mwenye bucha, au moto wa mkaa. Wote hao wana sehemu yao, lakini ninavyoona mimi kinachoamua zaidi ni maji: yameingizwaje kwenye sufuria, na yametolewaje.

Pande la mafuta linalotoka bucha si mafuta matupu. Ni seli zilizojaa mafuta, zikashikwa pamoja na utando wa nyuzi, na humo mna maji, mabaki ya damu na vijipande vya nyama. Kuyeyusha chenyewe si kazi, maana shahamu ya ng'ombe huyeyuka kati ya nyuzi joto 40 na 50, joto ambalo hata jiko lililokaribia kuzimika linalifikia. Kazi iko kwenye utando. Ndiyo maana kisu au mashine ya kusagia nyama hufanya mengi kuliko moto: kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, ndivyo mafuta yanavyopata njia fupi ya kutokea. Ni vizuri pande hilo likatwe likiwa limetoka kwenye friji, kwa sababu likipata joto linakuwa la kuteleza na kisu hakishiki. Mafuta yanayozunguka figo ndiyo bora kwa kazi hii. Ni makavu, yanamenyuka na kumegeka kwa vidole, na yana asidi ya steariki kwa wingi zaidi, hivyo yakipoa huganda kwelikweli. Nundu haifai sana, kwani ndani yake nyama na mafuta vimefumana, na utatumia muda mrefu kuvitenganisha.

Kuna njia kavu na njia ya maji. Kwenye njia kavu vipande huwekwa peke yake juu ya moto mdogo. Mwanzoni maji yaliyomo ndani yake yanalinda joto lisipande, lakini yakishakauka hakuna tena kizuizi: sehemu ya chini ya sufuria hupanda kupita nyuzi 140, protini zinaanza kubadilika rangi, na ile harufu ya choma inaingia kwenye mafuta na kubaki humo. Kwenye njia ya maji, vipande hufunikwa kwa maji na kuchemshwa polepole. Maji hayapiti nyuzi 100, na Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wake, yanachemkia karibu nyuzi 94. Maadamu yapo ya kutosha na mpishi anakoroga, hakuna kinachoungua. Isitoshe, kolajeni ya utando inalainika na kugeuka jelatini, ambayo huyeyuka kwenye maji pamoja na damu na chumvichumvi nyingine. Katika njia kavu utando huohuo hukauka na kukamata sehemu ya mafuta, mpaka uukamue.

Pingamizi kubwa ni kwamba maji ni adui wa mafuta, sasa kwa nini uyaongeze? Pingamizi hili lina msingi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu chake cha 1823, alionyesha kuwa mafuta ya wanyama yameundwa kwa asidi za mafuta zilizofungamana na gliserini. Maji yanaweza kufungua fungamano hilo, na vimeng'enya vilivyomo kwenye shahamu mbichi huharakisha kazi hiyo. Asidi zinazoachiliwa ndizo zinazoanza kuleta ladha ya uchachu. Lakini uharibifu huo unahitaji muda, na saa chache za kuchemka si muda wa kutosha kuleta madhara ya kuhisiwa. Tena joto hilo linaviua vimeng'enya vyenyewe. Maji yanayoharibu ni yale yanayobaki ndani ya kopo kwa wiki kadhaa, yakiwa na jelatini ambayo ni chakula cha bakteria.

Kwa hiyo njia ya maji isiyomaliziwa vizuri ni mbaya kuliko njia kavu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Baada ya kuchuja kwa kitambaa, sufuria iachwe mpaka ipoe kabisa. Mafuta, yakiwa mepesi, hupanda na kuganda juu kama kifuniko. Maji hubaki chini. Ukiinua pande hilo utakuta upande wake wa chini umeshika utando wa kijivu unaotetemeka. Huo ukwanguliwe kwa kisu wote, hata kama mafuta kidogo yatapotea nao. Kisha mafuta yarudishwe kwenye moto mdogo, bila maji na bila kufunikwa. Yatatoa viputo na kuchachatika. Hayo ni maji ya mwisho yanayotoka. Viputo vikikoma na sauti ikinyamaza, epua. Na kama mafuta ya moto sana yatashika moto, funika sufuria kwa kifuniko. Usiyamwagie maji kamwe.

Wapo wanaosema njia kavu ni ya haraka na inatoa ladha. Ni kweli, na kwa kukaangia viazi sina ugomvi nayo. Kwa sabuni, mishumaa au mafuta ya kujipaka, ladha hiyo ni hasara. Wengine hutia chumvi wakiamini itahifadhi shahamu. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Inachosaidia ni kuyafanya maji kuwa mazito na kuvuta uchafu wa protini, halafu inaondoka nayo.

Kuosha nako kuna mpaka wake. Maji huchukua tu kinachoyeyuka kwenye maji. Rangi ya manjano ya ng'ombe wetu waliolishwa majani ni karotini, nayo huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hata ukichemsha mara tano itabaki, na haina ubaya wowote. Harufu ya shahamu iliyochacha ikiwa bado mbichi nayo iko upande huohuo wa mafuta. Ya namna hiyo haiponi kwa kuoshwa: kostiki soda itazigeuza asidi zake kuwa sabuni, lakini sehemu ya harufu itamfuata anayeoga.