Kiharusi cha Mtoto Mwenye Seli Mundu: Damu Hutolewa Kwanza

Mtu mzima akipata kiharusi kwa bonge la damu, madaktari huwahi dawa ya kuliyeyusha. Kwa mtoto mwenye seli mundu, dawa hiyo haiondoi chanzo. Seli zake zinapopasuka, himoglobini inayomwagika humaliza naitriki oksaidi inayolegeza mishipa. Ukuta wa mshipa huumia, hunenepa kwa ndani na kubana njia, hasa pale mshipa mkubwa wa shingo unapoingia kwenye ubongo. Kwa hiyo inayotibiwa ni damu yenyewe: hubadilishwa.

Lengo ni himoglobini S, ile ya seli mundu, ishuke chini ya asilimia 30, na himoglobini yote isipite sana gramu 10 kwa desilita. Sharti hili la pili ndilo linalosahaulika, nalo ni la hatari. Ukiongeza damu bila kutoa, damu huwa nzito, na damu nzito kwenye mshipa uliobanwa huweza kuleta kiharusi kingine. Pasipo mashine ya kubadilisha damu, kazi hufanywa kwa mkono, kwa zamu: hutolewa damu kiasi, hufuata dripu ya maji ya chumvi ili presha isianguke, hutolewa tena, ndipo huingia damu ya mchangiaji. Kila duru presha hupimwa, kwani ikishuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kwa shida hukosa kabisa.

Mwongozo wa wataalamu wa damu wa Marekani wa 2020 unataka mtoto aanze kupewa damu ndani ya saa 2 tangu afike na dalili. Picha ya CT ya mapema huweza kuonekana safi. Kuisubiri ndipo tuanze ni kumpotezea mtoto ubongo wake. Kama kubadilisha hakuwezekani kwa muda huo na himoglobini haizidi gramu 8.5 kwa desilita, aongezewe tu kwanza. Tofauti ya njia hizi si ndogo: katika uchambuzi wa 2006, kiharusi kilirudi kwa watoto 8 kati ya 14 walioongezewa tu, na 8 kati ya 38 waliobadilishiwa.

Hatari ya kiharusi huweza kuonekana mapema. Altrasaundi ya kichwani hupima kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Utafiti wa STOP wa 1998, wenye watoto 130, ulionyesha kuwaongezea damu mara kwa mara hupunguza kiharusi kwa asilimia 92. Nasi ambao benki zetu za damu hukauka tuna njia nyingine: Bugando, Mwanza, utafiti wa SPHERE uliwapima watoto kwa altrasaundi hiyo na kuwapa dawa ya haidroksiurea wale waliokuwa hatarini.