Fani Inapomeza Maudhui: Mpangilio wa Kurasa za Ray Gun

Jarida la muziki wa roki la Ray Gun lilianza kutolewa California, Marekani, mwaka 1992, na msanifu wake wa kwanza alikuwa David Carson. Katika kurasa zake safu zilipishana, vichwa vya habari vilikatwa, na herufi zikapandana. Hapana shaka kwamba fani hiyo iliafiki maudhui: muziki wa kishindo ulipewa ukurasa wa kishindo.

Lakini mwaka 1994 mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yalimchosha Carson, naye akayapanga kwa Zapf Dingbats, yaani alama za mapambo zisizokuwa herufi. Hapo ndipo ilipo kasoro. Msanifu anayo haki ya kuyafasiri maandishi; hana haki ya kumwamulia msomaji kabla hajasoma. Ukurasa mgumu humtaka msomaji ajitahidi. Ukurasa usiosomeka humfukuza. Mahojiano yayo hayo yalichapwa pia kwa herufi za kawaida mwishoni mwa toleo hilo. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mapambo hayakuweza kushika nafasi ya maneno.