Mizani Gerezani

Mwaka 1968 waraka wenye kichwa "Kenya: Twendapi?" ulisambazwa kwa siri, ukiihoji serikali iliyokuwa ikikikandamiza chama cha upinzani cha KPU. Mwandishi wake, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, alikamatwa, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Akiwa ametengwa na wafungwa wenzake, alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka nje, yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama ushahidi wa ushujaa, na ushujaa huo haupingiki. Ila kuna sifa nyingine isiyotolewa vya kutosha, nayo ni ya ufundi aliokwenda nao kifungoni. Ushairi wa arudhi, wenye vina na mizani, ni miongoni mwa silaha madhubuti ambazo Waswahili wamewahi kuziunda dhidi ya udhalimu, na uthabiti wake unatokana na zilezile kanuni zinazodhaniwa kuwa ni minyororo.

Tuutazame ubeti mmoja wa kawaida. Una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8. Jumla ni mizani 64, na vina vya kati na vya mwisho vimepangwa kwa utaratibu ambao sikio huujua kabla akili haijauhesabu. Mtu aliyenyimwa kalamu anaweza kuutunga ubeti huo kichwani, akaurudia usiku kucha, akaukagua asubuhi. Silabi moja ikipotea, mshororo huchechemea. Kina kikipotea, vina vya jirani hukidai. Zaidi ya hayo, ubeti hujilinda dhidi ya mkono wa mtu mwingine. Atakayefuta neno linalomchukiza huacha pengo linaloonekana, na atakayechomeka neno lake lazima kwanza awe fundi. Ni sawa na mkeka: ukichomoa ukindu mmoja, safu nzima hukushitaki. Nathari haina ulinzi wa namna hiyo. Sentensi ikikatwa, nyingine husogea na kuziba, na msomaji asijue kilichoondolewa.

Ushahidi wa nguvu hiyo ni wa zamani kuliko magereza ya Kenya huru. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga wakati watawala Wamazrui wa Mombasa wakishindana na Seyyid Said, sultani wa Oman, na beti zake Muyaka zilikuwa sehemu ya mapambano hayo. Sehemu kubwa ya tungo zake ilidumu vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kumpa mmisionari Mwingereza William Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Dola ya Wamazrui ilianguka mwaka 1837. Beti zilibaki kwa sababu zilikuwa zimefumwa kwa namna inayokubali kukumbukwa.

Wapo watakaosema kwamba ushairi huu hujificha nyuma ya mafumbo, na kwamba waraka ule wa 1968, uliosema waziwazi, ndio uliokuwa na ujasiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini inalihesabu fumbo kuwa woga. Katika shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", lililomo katika Sauti ya Dhiki, ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi na kujibizana ubeti kwa ubeti. Hakuna waziri anayetajwa, wala chama. Hata hivyo msomaji wa wakati ule, aliyeona matunda ya uhuru yakiliwa na wachache, alilazimika kuamua mwenyewe nani ana haki. Waraka ulimpa msomaji jibu la siku ile. Shairi lilimkabidhi swali linalofaa kuulizwa kila mahali panapogombewa urithi wa pamoja. Mtunzi yuleyule alihitaji vyote viwili, na hakuna kilichomdhalilisha mwenzake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vina na mizani havina upande. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilitumika Tanzania kueneza siasa ya Ujamaa, na beti nyingi zimetungwa kuwasifu wenye mamlaka. Ni kweli. Ufundi haumfanyi mtu kuwa mwadilifu. Dhamira ni ya mtunzi. Ninachodai ni kwamba dhamira ikiwepo bila ufundi, hufa pamoja na mwenye nayo au hukatwakatwa na wapinzani wake. Wala simaanishi kwamba mashairi huru ni dhaifu. Euphrase Kezilahabi aliandika diwani ya Kichomi, ya mwaka 1974, kwa sababu alitaka kufikiri kwa mwendo mwingine, na uhuru wa sanaa ni pamoja na uhuru wa kuacha arudhi.

Kwa hiyo tusiigeuze sifa ya ufundi kuwa sifa ya gereza. Hakuna anayejua mashairi mangapi yamezimwa katika seli ambazo watu wake hawakurudi, na serikali haipati thawabu yoyote kwa uzuri wa kilichoiponyoka. Majukumu yetu ni mawili. La kwanza ni kudai kwamba asifungwe mtu kwa alichokiandika, awe mshairi mahiri au mwandishi wa waraka wa kurasa chache. La pili ni kuwafundisha vijana arudhi kama stadi ya kufikiria, kukumbuka na kusema kweli, badala ya kuwahesabisha mizani kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau. Haki zilizoandikwa katika katiba huweza kusimamishwa kwa amri ya siku moja. Ufundi uliokwisha kuingia kichwani mwa mtu hauna wa kuusimamisha, na taifa lenye watu wengi wenye ufundi huo ni vigumu kulinyamazisha.