Kuziba Jino Bila Umeme: Wanafunzi wa Meno na Pwani ya Cabo Delgado

Ripoti nyingi za kambi za kujitolea za wanafunzi wa udaktari wa meno huanza na hesabu moja: meno mangapi yameng'olewa. Siipendi hesabu hiyo. Haisemi ni mangapi yangeweza kuokolewa, wala nani atamwangalia mgonjwa gari la chuo likishaondoka. Kung'oa kwenyewe sina ugomvi nako. Gego la chini lililooza likitunga usaha, usaha huo unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, uvimbe ukabana njia ya hewa, na mtu mzima akafa kwa jino. Mwanafunzi anayekwenda kijijini bila koleo na sindano ya ganzi hajajiandaa. Ninachopinga ni kambi isiyojua kufanya jambo jingine.

Tazama pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mdomo wa Ruvuma na Kionga, ukishuka Palma na Mocímboa da Praia hadi Macomia na visiwa vya Kirimba. Ni pwani ya wavuvi na wafanyabiashara, wasemaji wa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, wengi wao wenye ndugu upande wa Mtwara. Vita kati ya waasi wa itikadi kali na serikali vilianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani hiyohiyo. Agosti 2020 mji wa Mocímboa ukaangukia mikononi mwa wapiganaji, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma kushambuliwa. Vita vilipokuwa vimepamba moto, waliohama makwao walikaribia milioni moja. Vituo vya afya vilichomwa, vikaporwa au vikaachwa bila wahudumu.

Penye uhaba wa namna hiyo, wakunga, chanjo na dawa za malaria hutangulia, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kiti cha meno hurudi mwisho. Tena kiti hicho kinataka umeme usiokatika, maji yenye msukumo, kompresa, na fundi mwenye spea. Kikikosekana kimoja, drili haingurumi.

Kwa hiyo suala la kwanza ni mbinu. Moyo wa kujitolea upo. Tunauona kwa wanafunzi wetu kila likizo. Lakini mwanafunzi aliyezoea kiti na drili chuoni, akifika mahali pasipo na hivyo, atabakiwa na koleo tu. Atang'oa hata jino ambalo lilihitaji kuzibwa, kwa sababu hana kingine mkononi.

Jibu la tatizo hili lilipatikana karibu na kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa afya ya kinywa kwa jamii za mashambani. Mwalimu mmoja Mholanzi katika shule ya meno ya Muhimbili, Jo Frencken, alikabiliana na jambo linalojulikana na kila aliyewahi kusafiri na mashine za meno: zile za kubebeka haziaminiki huko ziendako. Yeye na wenzake wakaamua kuiacha mota kabisa. Walikwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kulijaza tundu kwa saruji ya polikaboksileti, ambayo ndiyo iliyokuwepo. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na saruji bora, glasi ayonoma, iliyovumbuliwa London na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Majaribio makubwa yakafuata Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani iliyotengwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza mbinu hiyo kwa ulimwengu mzima.

Inafaa kueleza jinsi inavyofanyika, maana wapo wanaodhani ni uzibaji wa kimaskini. Mgonjwa hulala chali juu ya meza au benchi, kichwa kikiwa kimeegemea mto mgumu, karibu na dirisha au chini ya taa ya kichwani. Mwanafunzi ana kioo kidogo cha mdomoni, sulu, kibano, kipatasi, vijiko vidogo vya kukwangulia vya ukubwa tofauti, na kifaa cha kujazia na kuchongea. Pamba huwekwa pembeni mwa jino ili mate yasilifikie. Mdomo wa tundu ukiwa mwembamba, kipatasi huzungushwa taratibu kuvunja kingo za enameli zilizobaki bila nguzo chini yake, hadi kijiko kidogo kipate kuingia.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Uozo una tabaka mbili. La juu ni laini, lenye maji na limejaa bakteria. Hilo huondolewa lote, hasa kwenye kuta za tundu. La chini limelegea kidogo lakini bado lina uhai, na likifunikwa vizuri hukakamaa tena. Fundi wa mashua anayechokoa ubao uliooza hujua akomee wapi kabla ya kukalafati, na mwanafunzi naye hana budi kukomea penye ukinzani, hasa anapokaribia kiini cha jino. Akizidisha, atakifungua kiini, na jino lililokuwa la kuzibwa litageuka la kung'olewa. Kwa kuwa kinachokwanguliwa kwa sehemu kubwa hakina hisia, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Kwa mtoto wa miaka 7 ambaye hajawahi kumwona daktari wa meno, kukosekana kwa sindano na mlio wa drili ni nusu ya tiba.

Baada ya hapo tundu hupakwa asidi hafifu kwa sekunde 10 hadi 15, likafutwa kwa pamba yenye maji, kisha kwa pamba kavu. Unga na maji ya saruji huchanganywa kwa nusu dakika na kujazwa. Kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini hukandamiza saruji ili iingie pia kwenye mifereji ya jino iliyo jirani, ambayo ndiyo makazi ya uozo ujao. Inayozidi huchongwa, mgonjwa hung'ata ili ulinganifu upimwe, kizibo hupakwa vaselini tena, na mgonjwa huambiwa asile kwa saa moja. Kazi nzima ni kama dakika 20. Saruji hushikana na jino kikemia na hutoa floraidi taratibu.

Sasa tuangalie inadumu kiasi gani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kwenye meno ya utotoni, vizibo vya upande mmoja wa jino vilikuwa bado vizima kwa asilimia 93 baada ya miaka 2. Vile vinavyogusa pande mbili au zaidi vilikuwa asilimia 62 tu. Kwenye meno ya ukubwani, vya upande mmoja vilibaki asilimia 80 baada ya miaka 5. Takwimu hizi ndizo zinazopaswa kupanga kambi. Zinamwambia mwanafunzi achague kwanza matundu madogo ya juu ya magego, asijidanganye kwamba ameliokoa kila jino alilolijaza, na ajue kuwa takriban vizibo vinne kati ya kumi vya aina ngumu kwa watoto vitahitaji kutazamwa tena. Zipo pia hali ambazo kuziba kwa namna hii ni kosa tangu mwanzo: jino lenye uvimbe au kijitundu cha usaha kwenye ufizi, lenye maumivu ya siku nyingi, au lililofunguka kiini. Mwenye jino hilo ni wa ganzi na koleo, au wa rufaa.

Pwani ina masharti yake. Joto huharakisha kukauka kwa saruji, kwa hiyo unga huchanganywa kivulini, na kibao cha kuchanganyia hupozwa kisha kukaushwa vizuri. Unyevu ukiingia kwenye chupa ya unga, unga umeharibika. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, chupa ifungwe mara tu baada ya kuchota. Ganzi yenye adrenalini nayo haipendi joto la gari lililoegeshwa juani. Kuhusu usafi wa vifaa, presha kuka juu ya jiko la mkaa hufikia nyuzi joto 121, na dakika 15 na zaidi baada ya mvuke kujaa hutosha, mradi vifaa vimesuguliwa kwanza na saa imeangaliwa kwa uaminifu. Hapo hakuna nafasi ya kukisia. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havimsamehe mwenye haraka.

Haraka, kwa kweli, ndiyo adui mkubwa wa kambi. Foleni ikiwa ndefu, jino lililolegea hung'olewa kwa dakika chache, kizibo kinataka 20. Kambi inayopimwa kwa idadi ya waliohudumiwa itaegemea koleo bila mtu kuamua hivyo. Msimamizi mwenye busara huwagawa wanafunzi tangu asubuhi, wa kung'oa kando na wa kuziba kando, na huweka mmoja mlangoni wa kupanga wagonjwa na kutazama vinywa kwa makini, kwani utando mweupe wa fangasi kwa mtu mzima unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kinga iliyoshuka.

Na nani arudi kutazama? Hapa nawasifu watu wa mji wa Nampula, katika jimbo jirani. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoundwa mwaka 2006 na kuanza kufundisha mwaka 2007, kina kitivo cha sayansi za afya mjini humo, ambamo udaktari wa meno hufundishwa pamoja na udaktari, famasi, uuguzi, lishe na upimaji macho. Kitivo hicho kina mpango uitwao Mwanafunzi Mmoja, Familia Moja. Mwanafunzi hukabidhiwa familia katika jamii zinazozunguka mji, huitembelea mara kwa mara akiwa na wenzake wa fani nyingine, na hujifunza kwao huku akiwashauri kuhusu maji, chakula, chanjo na meno. Mtu anayetembelea nyumba ileile anajua mtoto yupi alizibwa gego, anaona kizibo kikianza kung'oka, anajua kama mswaki upo au haupo. Anajua pia ni baba au bibi anayeamua mtoto apelekwe hospitali. Maarifa hayo hayapatikani kwa wageni wa wikiendi moja.

Nampula ni mbali na Palma, na barabara ya N380 inayopita Macomia kuelekea kaskazini imeshuhudia mashambulizi mengi. Sipendekezi mwanafunzi apelekwe mahali ambapo chuo hakiwezi kumrudisha salama. Lakini pwani yenyewe imekuja Nampula. Wakimbizi wa Mocímboa, Palma na Macomia waliwekwa Corrane, ndani ya jimbo la Nampula, na wengine maelfu walipokelewa na jamaa zao Pemba na Metuge, ndani ya Cabo Delgado. Familia hizo zikiingizwa kwenye mpango wa chuo, huduma inawafikia watu wa pwani ya kaskazini bila kusubiri barabara ifunguke. Na wanaorejea makwao, kama wengi walivyorejea tangu Mocímboa ikombolewe Agosti 2021, waondoke na kadi inayoonyesha jino gani limezibwa na lini, wamkabidhi mhudumu wa afya wa huko.

Mhudumu huyo ndiye wa kufundishwa. Katika kanda ya Afrika hakuna hata daktari mmoja wa meno kwa kila watu 10,000, na Msumbiji imezoea tangu uhuru kuwatumia wahudumu wa ngazi ya kati pale ambapo madaktari hawafiki. Tanzania nayo ina mfano mzuri: shirika la Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza, lililitumia jeshi lake la madaktari wa meno wa kujitolea kutoka Uingereza kuwafundisha matabibu wa vijijini kutoa ganzi, kung'oa kwa usalama na kuua vijidudu kwenye vifaa. Mgeni aliondoka, ujuzi ukabaki zahanati. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akiwa chini ya mwalimu wake, anaweza kufanya hivyohivyo, na kwa pwani hii lugha ya kufundishia na ya kumwomba mgonjwa ridhaa inapaswa kuwa ile anayoielewa nyumbani. Kireno cha darasani hakitoshi. Wanafunzi wa Muhimbili wana hazina hapo: wakiandaa kadi za maelezo kwa Kiswahili, zitasomeka Palma na Kionga.

Vifaa si vya kutafuta mbali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji ya glasi ayonoma, dawa ya meno yenye floraidi, na matone ya fedha na floraidi yanayosimamisha uozo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Matone hayo ni rahisi mno kutumia kwa watoto, ila huacha jino na doa jeusi, na mzazi aelezwe kabla, sio baada.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule za meno za Nampula na Dar es Salaam, na kwa wizara zao za afya. Agizeni saruji hiyo kwa bajeti ya kawaida, msingoje mfadhili. Wekeni uzibaji wa mkono kwenye mtihani wa vitendo wa kila mwanafunzi. Pelekeni timu ya kwanza Corrane na Pemba pamoja na wasimamizi wao, na katika ombi lilelile la fedha mwandike tarehe ya safari ya pili, miezi 6 baadaye, kwa familia zilezile.