Jioni ya bure hujengwa chini ya ardhi kwanza

Mzazi wa Bunia anayetaka kuwapeleka watoto ziwani Jumapili huanza kulipa kabla hajaliona ziwa lenyewe. Mji wetu uko mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Albert liko karibu mita 620, na katikati kuna barabara ya zaidi ya kilomita 50 inayopita Bogoro na kuteremka ukingo wa bonde hadi Kasenyi. Kuna nauli, kuna chakula, kuna maji mengi ya kunywa, maana joto la kule chini si la Bunia. Akifika anakuta ufuo wa kazi: mitumbwi inavutwa, nyavu zimeanikwa, samaki wanabishaniwa bei. Ndivyo ufuo wa wavuvi unavyopaswa kuwa, na wala si kosa la mtu. Ila mtoto wa miaka sita hana pa kukaa, na baada ya nusu saa ataomba kuingia majini.

Ombi hilo la mtoto ndilo lililonifanya nichambue kazi iliyofanyika mbali na mkoa wetu wa Ituri, katika bustani ya Forodhani, Unguja. Pale familia isiyo na fedha inaweza kukaa kando ya maji jioni nzima, watoto wakachoka kwa furaha, wakarudi nyumbani bila kutoa hata senti. Nataka kuonyesha jambo hilo liliwezekanaje, kwa sababu wengi wetu tunadhani starehe ya bure ni zawadi ya bahari.

Jina la Forodhani limetokana na forodha. Hapo ndipo mizigo ilipokuwa ikishushwa na kutozwa ushuru, mbele ya Ngome Kongwe na jumba la Beit el-Ajaib. Ardhi hiyo ya bandari iligeuzwa bustani mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala. Miaka ikapita, bustani ikachakaa. Mwaka 2008 Aga Khan Trust for Culture, kwa makubaliano na Serikali ya Zanzibar, ilianza kuikarabati, na tarehe 30 Julai 2009 ikafunguliwa upya. Gharama ilizidi dola milioni 2.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Anayepita leo ataona taa, viti, njia zilizosakafiwa, uwanja wa michezo wa watoto na kibanda cha zamani cha bendi kilichotengenezwa. Lakini kazi iliyobeba hizo zote haionekani, nayo ni ukuta wa bahari na mifereji. Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Ukuta ukiwa na nyufa, maji yakijaa hupenya nyuma yake, na yakipwa hutoka na mchanga. Mara mbili kwa siku, kila siku. Juu huoni kitu mpaka siku ardhi inapobonyea, sakafu inapopasuka, na dimbwi linapotokea pale ambapo mama alizoea kutandika mkeka. Mbao za viti zingenunuliwa kwanza, kama wakubwa wengi wanavyopenda ili wapigwe picha, bustani ingekuwa imerudi ilikotoka baada ya misimu michache ya mvua. Walianzia chini. Wakaimarisha ukuta, wakatengeneza njia za maji ya mvua na maji machafu, wakapitisha nyaya za umeme, ndipo wakasakafu na kupanda majani. Miti mikubwa iliyokuwepo ikaachwa itoe kivuli. Nasifu uamuzi huo kuliko mapambo yote, kwa sababu mti wa kivuli haununuliwi sokoni. Unahitaji miaka, na yeyote anayeukata anawanyang'anya wajukuu wake mchana mzima.

Ukuta huo una kazi ya pili. Ukingo wake ni benchi. Watu hukaa juu yake wakiangalia majahazi, na jioni vijana hukimbia na kujirusha baharini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijaribu kumpita mwenzake kwa mtindo wa kuruka. Hilo ndilo onyesho kubwa la Forodhani na halina tiketi. Mtazamaji mdogo anayekula muwa akiwa mapajani mwa baba yake analiona sawasawa na mgeni aliyelala hoteli ya bei kubwa.

Na wauzaji je? Hapa ndipo bustani nyingi hukosea. Zinawafukuza wauza chakula kwa jina la usafi, au zinawajengea vibanda vya saruji ambavyo baada ya muda hukodishwa kwa wenye fedha. Forodhani waliondolewa kwa muda wakati wa ujenzi, kisha wakarudishiwa sehemu yao, iliyosakafiwa na yenye mwanga. Zaidi ya hayo, biashara yao ni ya kupanga na kupangua. Mchana eneo ni la kupumzika. Jua likikaribia kuzama meza zinafika, makaa yanawashwa, na ardhi ileile inakuwa mkahawa wa mamia ya watu: mishkaki, urojo, piza ya Zanzibar inayokunjwa na yai juu ya kikaango, miwa inayokamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Usiku ukiisha, meza zinaondoka. Eneo moja linatumika zamu mbili, na hakuna anayelimiliki kiasi cha kumzuia mwingine asikae.

Wapo wanaolalamika kwamba meza za samaki zinalenga watalii na bei zake si za mwenyeji. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini mpangilio unaokoa hali: hakuna lango, na hakuna sheria ya kununua ndipo ukae. Bakuli la urojo liko hatua chache kutoka kwenye kamba wa bei ya mgeni, na asiyenunua chochote ana haki ileile ya upepo. Mombasa wamefuata njia iliyo karibu na hiyo kwenye ufuo wa Mama Ngina, uliokarabatiwa na kutumiwa kwa sherehe za Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2019. Familia hununua muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, zikakaa kutazama meli kubwa zikiingia Kilindini. Meli zinapita bure.

Sasa turudi ziwani kwetu, na turudi kwa uangalifu, kwa sababu kunakili Forodhani kama ilivyo kungekuwa hatari.

La kwanza ni lile ombi la mtoto. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi katika maji ya chumvi, kwa hiyo kijana wa Unguja anaporuka baharini hana hofu hiyo. Ziwa Albert ni miongoni mwa maziwa ambako kichocho cha tumbo kimekita mizizi, upande wetu wa Kongo na upande wa Uganda. Konokono hukaa kwenye maji ya kina kifupi na majani ya ukingoni, palepale mtoto anapopenda kuchezea. Vijidudu hutoka kwao hasa jua likiwa kali, yaani saa zilezile za matembezi ya Jumapili, na hupenya ngozi bila kuacha jeraha. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu, lakini mtoto akirudi majini huambukizwa tena. Kuogelea huko kunakoitwa kwa bure kunaweza kuwa gharama kubwa kuliko nauli na chakula vikijumlishwa.

Hilo halilifungi ziwa. Linatuambia tu kwamba kinachopaswa kujengwa ni mahali pa kukaa juu ya maji badala ya mahali pa kuingilia majini. Familia nyingi za Forodhani haziogelei pia. Zinakaa, zinatazama, zinakula.

La pili ni ukuta. Bahari hupanda na kushuka kwa saa zinazojulikana, na mvuvi wa Unguja anaweza kukutajia saa ya bamvua ya wiki ijayo. Ziwa hupanda kwa miaka, bila kuaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Albert yalipanda hadi yakaimaliza bandari ya Butiaba ng'ambo ya Uganda, ambako meli Robert Coryndon ilikuwa ikitoka kuja Kasenyi na Mahagi-Port. Mwaka 2020 yakapanda tena na kuingia katika makazi ya ufukoni. Ukuta wa gharama uliosimamishwa kwenye ukingo wa leo unaweza kujikuta katikati ya maji kesho. Kwa ziwa la namna hii ningerudi nyuma ya ufuo, kwenye mwinuko, nikajenga ngazi pana za kukalia kwa mawe yaliyofungwa ndani ya wavu wa waya, yanayoweza kusogea kidogo bila kubomoka, na nyuma yake nikapanda miembe. Sheria ya mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Kipimo hicho kingetufaa hata kama si sheria yetu.

Zamu za Forodhani zingefaa pia, ila kwa saa nyingine. Asubuhi ni ya wavuvi na wachuuzi, isiguswe. Kuanzia saa nane mchana, samaki wakishaondoka na mahali pakishafagiliwa, ndipo iwe zamu ya watoto. Jioni ya hadi usiku kama ya Unguja haiwezekani Ituri kwa sasa. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Mei 2021 usiku wetu umekuwa na masharti, na barabara ya kuelekea ziwani imeona mashambulizi ambayo hakuna mchoro wa bustani unaoweza kuyajibu. Sitamwambia mzazi yeyote apeleke watoto njia hiyo kwa sababu tu kule kuna upepo mzuri.

Kwa hiyo, hadi barabara itulie, ningeichukua kazi ya Forodhani na kuileta Bunia penyewe, bila maji. Tuna watu wanaotembea barabarani Jumapili jioni baada ya ibada wakiwa na nguo zao safi na bila pa kukaa. Tuna mama wa mandazi na kijana wa mishkaki ambao tayari wanajua kupanga na kupangua. Kinachokosekana ni kiwanja kimoja cha umma kisicho na lango, ambapo hakuna anayeulizwa ni mtoto wa nani wala ametoka kijiji gani. Kikipatikana, fedha za kwanza zisiende kwenye viti wala kwenye sanamu. Ningeanza na mtaro wa maji ya mvua, uchimbwe kabla ya masika na uangaliwe msimu mzima maji yanakoelekea. Miti ipandwe mwaka huohuo, taa za sola zifuate, viti vije mwisho.